Rimu za Lori la Mezani

Nilipopangiwa kazi Nachingwea, mama yangu aliuliza kama huko kuna watu. Nikamwambia lazima wawepo, kwa sababu Serikali haiwezi kumpeleka mkerezaji wa chuma mahali pasipo na watu. Mama hakuridhika. Kwetu Same tulijua Kusini kuna korosho, basi. Nani anazichuma, na anakaa wapi, hatukuwahi kuuliza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, msichana peke yangu katika darasa la kukereza, yaani kazi ya kuzungusha kipande cha chuma kwenye mashine na kukichonga kwa kisu mpaka kiwe duara unayoitaka. Nilishuka kwenye basi Nachingwea nikiwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, na visu vyangu vya kukerezea nilivyovizungushia khanga kama mtoto mchanga. Abiria mwenzangu mmoja alinisaidia kushusha sanduku, akataka anipokee na mtoto pia. Nilimwambia nitambeba mwenyewe.

Karakana niliyopangiwa ilikuwa katika mabanda makubwa yaliyoachwa na Waingereza walipokuja kulima karanga wakashindwa. Jengo lilikuwa kubwa kuliko kazi iliyokuwamo. Jenereta lilikuwapo, dizeli haikuwapo. Mashine kubwa za kukereza zilikuwapo, umeme haukuwapo. Malori yalikuwa matatu kwenye hesabu: moja lilikwenda vitani Uganda na halikurudi, na mawili yalikuwa yamepandishwa juu ya mawe, rimu zao zimeegemezwa ukutani, matairi hakuna. Nchi nzima ilikuwa inatafuta matairi. Kazi yangu ya mwezi wa kwanza ilikuwa kufika asubuhi, kufuta vumbi kwenye mashine, na kuondoka.

Mkuu wa karakana alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, kucha safi muda wote, jambo ambalo kwa mtu wa karakana linaweza kukupa wasiwasi. Lakini alikuwa anajua kazi. Alikuwa amepelekwa ng'ambo kusomea utunzaji wa magari, na alirudi na zawadi moja tu: lori dogo la bluu, refu kama mkono kuanzia kiwikoni hadi ncha za vidole, linaloendeshwa kwa mawimbi ya redio. Unashika kidude chenye antena, unasukuma kishikio, lori linakwenda. Ukikigeuza, linakata kona. Kichwa cha lori kilikuwa kinafunguka, na ndani palikuwa na usukani usiozidi kifungo cha shati.

Mke wake, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, alinisimulia habari hiyo siku ya kwanza aliponikaribisha chai, mume akiwa ameketi hapo hapo.

"Wenzake waliokwenda naye wamerudi na majokofu," alisema. "Mmoja amerudi na cherehani ya umeme. Huyu wangu amerudi na lori lisilobeba hata kibaba cha mchele."

Mkuu alitabasamu na kuniongezea chai.

Basi siku moja Mkuu aliyavua magurudumu ya lori lake ili ayaoshe vumbi jekundu, kisha akayapanga yakauke juu ya meza ya kupigia pasi. Yalikuwa ya plastiki. Mke wake akaja na pasi ya mkaa. Aliniapia baadaye kwamba hakuyaona. Yalikuwa sita, meusi tii, juu ya shuka jeupe.

Kesho yake Mkuu alikuja kwenye meza yangu ya kazi akaweka mbele yangu kitu kilichofanana na andazi lililoungua.

"Fundi, unaweza kukereza kitu kidogo?"

"Kidogo kiasi gani, Mkuu?"

"Kama hiki. Kabla hakijawa hivi."

"Ni cha mashine gani?"

"Cha lori," alisema, na hakucheka. "Tutatengeneza ya chuma. Sitaki gurudumu la kuchezea. Nataka rimu kama zile," akaonyesha ukutani, zilipoegemea rimu za malori yetu, "lakini kwa vipimo vya lori hili. Kila kitu kipungue sawasawa. Matundu ya nati yawepo yote."

Nikamuuliza kazi hiyo tutaiitaje. Akafikiri kidogo.

"Zana ya kufundishia."

"Kumfundisha nani, Mkuu?"

"Yeyote atakayekuja."

Ningeweza kukataa. Lakini tangu nifike nilikuwa sijagusa chuma hata siku moja, na mtu aliyesomea kukereza akikaa muda mrefu bila kukereza, mikono inaanza kumsumbua. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikaenda kupima rimu kubwa ukutani.

Aluminiamu tulikuwa nayo. Pistoni za injini zilizokufa zilijaa pipa zima. Tulizivunja, tukaziyeyusha kwa mkaa na mivukuto ya kuazima, tukamimina katika mchanga uliochanganywa na udongo wa kichuguu. Mara ya kwanza mchanga ulikuwa na unyevu, kikatoka kitu chenye matundu kama mkate. Mara ya pili kilitoka vizuri. Tatizo likawa umeme. Palikuwa na mashine moja ndogo ya kukerezea, ya mezani, na Mkuu akasema mashine hiyo haijali nani anaizungusha, mradi inazunguka. Tukachukua gurudumu zito la mashine ya kusaga iliyokufa, tukalifungia mpini, tukaliunganisha na mashine yangu kwa mkanda. Sasa akahitajika mtu wa kuzungusha.

Palikuwa na dereva wa lori mojawapo kati ya yale ya kwenye mawe. Alikuwa Mmwera, mtu wa Mandawa, kimya, mrefu, leseni yake ameiweka ndani ya plastiki kwenye mfuko wa shati. Kila asubuhi alikuwa anafika kazini, anafuta kioo cha lori lake, anaingia, anaketi nyuma ya usukani. Saa ya chakula anashuka. Hakuwa na kichaa. Aliajiriwa kuendesha lori lile, na hakuna aliyemwambia aache. Kabla ya siku ile tulikuwa tumesalimiana tu.

Mkuu alimwita akamwonyesha mpini.

"Utamsaidia fundi. Utazungusha."

Dereva aliutazama ule mpini, akauzungusha mara moja kuujaribu.

"Huu una gia ngapi?" aliniuliza.

Nilidhani ananidhihaki. Nikamwambia una gia zote anazotaka, ziko mkononi mwake.

Ndivyo tulivyoanza. Kukereza kunataka mwendo usiobadilika. Anayezungusha akilegea, kisu kinachimba, na kikichimba kipande kidogo kama kile umekiharibu. Watu wengi wangechoka au wangekurupuka. Yeye aliendesha. Nilipokuwa naparura juu juu nilisema, "Nenda," naye akaongeza. Nilipofika mahali pa kukata kwa kina nilisema, "Punguza," naye akajibu bila kuinua uso, "Nimeweka ya kwanza." Nikiwa natoa kisu aliuliza, "Tumefika?" Baada ya siku chache hatukuhitaji hata maneno. Alikuwa anasikiliza sauti ya chuma, akisikia kimeanza kulia kabla yangu anapunguza mwenyewe.

Mafuta ya taa yalikuwa adimu, na aluminiamu bila mafuta ya taa inang'ang'ania kisu. Nilikuwa nachovya unyoya wa kuku kwenye kibati, nadondosha tone moja tu. Mpita njia mmoja alisimama mlangoni akaniangalia muda mrefu nikipaka mafuta ya taa kwenye kitu kisichozidi kizibo cha thermosi, akaondoka akitikisa kichwa. Nyumbani kwake huenda walikuwa wanakula gizani.

Rimu za mbele zilitakiwa kutokeza nje katikati, na za nyuma kubonyea ndani, maana nyuma lori linavaa matairi mawili mawili. Hilo la kubonyea ndilo lililonitesa. Kisu changu kilikuwa kinene mno, kikigusa katikati kinagonga ukingo. Nilikinoa upya mpaka kikawa chembamba kama jino la samaki. Halafu yakaja yale matundu ya nati. Kekee ya kutoboa ilikuwapo lakini hatukuwa na biti nyembamba kiasi hicho. Dereva ndiye aliyetoa wazo la sindano za kushonea magunia. Tulizinoa ncha, tukazichoma moto na kuzizimisha kwenye mafuta machafu, zikatoboa. Zilivunjika nyingi, lakini sindano za magunia hazikuwa na kazi nyingine mwaka ule, kwani magunia yaliyokwisha shonwa yalikuwa yamekaa ghalani hayaendi popote.

Rimu zilipokamilika tulizisugua kwa majivu zikang'aa kama sufuria ya harusini. Nakumbuka nilizipanga zote sita juu ya kitambaa, dereva akainama akazitazama kwa muda, akaenda ukutani akazitazama zile kubwa, akarudi.

"Hizi zinafanana na zile," alisema. "Hata hazina matairi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu niondoke Same, na nilicheka mpaka Mkuu akatoka ofisini kuangalia.

Matairi ambayo nchi nzima ilikuwa inayatafuta yalikuwa miguuni mwa watu, wamekata katambuga, viatu vya tairi. Dereva alivua zake, akazigeuza, akanionyesha mahali ambapo kashata za tairi, yale manundu yake, zilikuwa bado hazijaisha.

"Kata hapa."

"Utatembea na nini?"

"Gari lilipo ndipo nilipo."

Alikwenda peku mpaka alipopata nyingine. Wanawake wengine wanaletewa khanga, mimi nililetewa soli. Nilizikata duara, nikazitoboa katikati, nikazivisha kwenye rimu kwa maji ya sabuni. Lori la bluu likasimama juu ya meza kwa miguu yake mipya, zito, limetulia. Mkuu alilibonyeza kwa kidole likarudi juu kwa springi zake. Akalibonyeza tena.

Ikasikika kwamba mgeni mkubwa kutoka mkoani atapita Nachingwea kwenda Ruangwa kuangalia hatua zilizofikiwa katika usafirishaji wa mazao. Wakati huo Ruangwa haikuwa wilaya, lakini ilikuwa na uwanja, ghala, na korosho za msimu uliopita zilizojaa ghala hilo. Hatua zilizofikiwa katika usafirishaji zilikuwa malori mawili juu ya mawe. Mkuu alitafakari siku kadhaa atamwonyesha mgeni nini. Mwishowe akatuambia tutakwenda na lori.

"Lori lipi?" dereva aliuliza, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameshtuka.

"La mezani. Rimu zimetengenezwa hapa, kwa pistoni zetu, bila umeme. Huko ndiko kujitegemea. Wewe utaliendesha, una leseni."

Nilidhani atakasirika. Aligusa mfuko wa shati, akasema sawa.

Mkuu akamwambia kondakta wa basi lililokuwa linaelekea huko awaarifu watu kwamba lori limepata magurudumu na Jumamosi litakuwa Ruangwa. Kila neno katika ujumbe huo lilikuwa kweli. Ulipofika Ruangwa ulikuwa bado unafanana na ulivyotoka. Ulipofika kijiji cha Nandagala ulikuwa unasema lori linakuja kubeba. Mandawa uliwafikia ukisema walete mazao yote, na atakayechelewa shauri yake.

Msafara wa mgeni ulikuwa na Landrova na lori moja. Lori hilo, lenye matairi yake yote, lilikuwa limebeba viti, turubai na vipaza sauti. Sisi watatu tulipanda humo nyuma, tukaketi kwenye viti vya wageni vilivyopangwa juu ya vingine. Nililipakata lori la bluu nimelizungushia khanga lisipate vumbi. Dereva aliangalia barabara njia nzima, na kila mwenzake wa mbele alipobadilisha gia vibaya, alifumba macho.

Kabla ya kufika Ruangwa tuliona magunia. Yalikuwa yamepangwa ukingoni mwa barabara, ya korosho na ya ufuta uliovunwa juzi, na watu wameketi juu yake. Kadiri tulivyosogea yaliongezeka. Wengine walikuwa bado wanasukuma baiskeli zilizofungwa gunia katikati, wengine wamejitwisha. Walipoona lori walisimama, wakajipangusa vumbi, wakatabasamu. Wanawake walipiga vigelegele. Mkuu aliwapungia mkono, kisha nikaona mkono wake unashuka polepole. Alikuwa ameelewa.

"Kondakta aliwaambia nini hawa?" aliuliza.

Lori likaingia uwanjani, watu wakalizunguka, na vijana wakaanza kushusha viti upesi upesi, kila mtu akisaidia, maana walidhani viti vikiisha zamu ni ya magunia. Dereva ndiye aliyewaambia kwamba hilo ni lori la wageni, linarudi nao.

Hapo akatokea mwanamke mmoja wa makamo, mrefu, amefunga khanga moja kiunoni na nyingine begani. Walizungumza na dereva kwa Kimwera. Sikuelewa, ila nilimwona dereva anajibu akiwa ameangalia chini, kama watu wazima wanavyoangalia chini kwa mtu mmoja tu duniani. Yule mama akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analichagua.

"Mwanangu, shikamoo huitoi, unaogopa kumwamsha mtoto?"

Nikamwamkia haraka. Akasogea, akanyoosha mkono.

"Nipe nimwone. Wa kiume au wa kike?"

"Si mtoto, mama," nilisema. "Ni lori."

Akafunua khanga akaangalia. Aliangalia kwa utulivu, kuanzia mbele mpaka nyuma. Akagusa rimu moja kwa kidole.

"Hili ndilo lililopata magurudumu?"

"Ndilo, mama."

"Nimetoka Mandawa na magunia," alisema, na akakifunika tena kile kitu vizuri kama alivyokikuta. Hivyo ndivyo nilivyokutana na mama mkwe wangu.

Sherehe ilianza. Mgeni alihutubia kuhusu umuhimu wa kilimo mbele ya watu waliokalia mazao yao. Kisha Mkuu akakaribishwa. Akaeleza pistoni, mkaa, mpini, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Watu wakafagia eneo, dereva akaliweka lori chini, akachomoa antena. Mama yake akainuka.

"Naomba kuuliza," alisema. "Hili ni lori, au si lori?"

Mkuu alifuta miwani. Angeweza kusema ni zana ya kufundishia. Alitazama lile gari lake dogo.

"Ni lori, mama."

"Basi lipakiwe."

Akaja na korosho kwenye kiganja, akachuchumaa, akazipanga moja moja kwenye bodi. Hakuwa anafanya mzaha, wala uso wake haukuonyesha hasira. Alipanga kama mtu anayepanga mzigo wa safari ndefu, akabana pembeni, akajaza katikati, akarudi nyuma. Wengine wawili watatu nao walitaka zao ziwemo. Dereva alisubiri mpaka bodi ikajaa, ndipo akasukuma kishikio.

Lori likaondoka. Zile rimu zilishika ardhi vizuri, sikuwa nimetarajia vizuri namna ile. Lilipita mbele ya meza ya mgeni, likakata kona, nyuma halikuyumba. Mgeni alipiga makofi. Halafu lilifika mahali ambapo uwanja unapanda kidogo tu, mwinuko ambao mtu hauoni. Rimu za aluminiamu na korosho za Mandawa vilikuwa vizito kwa injini iliyotengenezewa plastiki. Sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, ikanyamaza.

Dereva akaenda, akachuchumaa, akafungua kichwa cha lori. Uwanja mzima ulimwangalia, na hakuna aliyeshangaa. Wote walikuwa wameshaona lori limesimama kwenye mlima na dereva ameinamia injini, sehemu hiyo ya onyesho waliielewa kuliko nyingine zote.

"Limekufa?" mama yake aliuliza.

"Limechoka, mama."

"Basi ni lori kweli."

Mgeni alicheka. Alicheka kwa sauti, akiwatazama watu wacheke naye, akakuta amecheka peke yake. Hapo ndipo nadhani alipoyaona magunia kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameyapita barabara nzima.

"Haya magunia ni ya nini?" aliuliza.

Mzee mmoja wa kamati ya kijiji alisimama akamweleza kwa adabu kwamba waliambiwa lori limepata magurudumu. Mgeni akamgeukia Mkuu. Mimi nilimjua Mkuu kama mtu anayeomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Nilijua ataomba radhi. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu mgeni," alisema, "lori tunalo. Magurudumu tumetengeneza. Dereva anayo leseni. Kilichobaki ni ukubwa."

Akarudisha kipaza sauti mahali pake, akaketi.

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka mama mkwe wangu, ambaye hajawa mama mkwe wangu bado, anakokota gunia lake kuelekea lile lori lililoleta viti, na mwanawe anaacha kidude cha antena chini na kwenda kumshika upande wa pili. Wengine wakafuata. Hakuna aliyegomba wala kuomba. Walipakia tu, kwa utaratibu, ya Mandawa huku, ya Nandagala kule. Dereva wa mkoani alikimbia kwa mgeni kuuliza afanye nini. Mgeni alikuwa amemaliza punde tu kuhutubia juu ya umuhimu wa kilimo, na vipaza sauti vilikuwa bado vimewashwa.

"Wacha wapakie," alisema.

Lori lilijaa magunia, viti vikakosa nafasi. Wazee wa kamati walisema mgeni asiwe na wasiwasi, viti watavitunza ghalani, vitakuwa salama chini ya kufuli. Na vilikuwa salama kweli. Lilipotumwa lori kuvifuata, lilikuta magunia yameshapangwa nje ya mlango wa ghala, na mwenye ufunguo amekwenda shamba. Likasubiri. Wakati linasubiri likapakiwa. Alipofika mwenye ufunguo akasikitika sana kwamba nafasi imekwisha. Ikawa hivyo tena na tena. Hakuna mtu mkoani aliyeweza kusema kwa sauti kwamba lori lisibebe mazao kwa sababu linatakiwa kubeba viti. Viti viliondoka Ruangwa siku ghala lilipobaki tupu, vimefutwa vumbi, havina hata mkwaruzo.

Mkuu alingoja karipio. Badala yake alipongezwa kwa kupanga usafiri kwa ubunifu, kisha akapandishwa cheo na kuhamishwa. Miaka yote aliyokuwa akiomba matairi na dizeli kwa utaratibu hakuna aliyemjua. Alipokuwa anafungasha nilikwenda kumsaidia mke wake. Alilifunga lori la bluu mwenyewe, katikati ya vitenge vyake vizuri, akalibana pande zote.

"Sitaki livunjike," aliniambia. "Likivunjika ataanza tena."

Lori kubwa, lile la dereva, lilipata matairi mwaka uliofuata. Dereva akarudi kwenye usukani wake, akawa anaondoka wiki nzima. Karakana ilipata dizeli mara mojamoja, jenereta likiunguruma, mashine ikizunguka yenyewe kwa mwendo usiobadilika. Kazi ilikwenda haraka. Nilikuwa nasema "punguza" na hakuna anayepunguza. Aliporudi safari moja ya Lindi nilimwambia hivyo. Akasema basi atawatuma wazee kwetu Same.

Haikuwa rahisi. Baba yangu alitaka kujua Mandawa iko wapi, na kwa nini nisimpate Mpare, na dini itakuwaje. Mambo ya dini yalichukua vikao vingi, na waliokuwa wakali zaidi kwenye vikao hivyo walikuwa wale ambao hatukuwahi kuwaona kanisani wala msikitini. Upande wa Mandawa, mama yake aliulizwa kama anakubali mwanamke wa bara asiyejua hata kumenya korosho. Alisema kukereza nako ni kumenya, nitajifunza.

Alinifundisha yeye mwenyewe, kipindi cha mavuno, nyuma ya nyumba yake. Unazibanika kwenye bati lililotobolewa, unakaa upande ambao moshi hauendi, na yale mafuta ya ganda unayaogopa maana yanababua ngozi. Nilijipaka majivu mikononi kama alivyoniambia, nikagonga ya kwanza, ikapasuka vipande. Ya pili pia. Akanishika kifundo cha mkono akanionyesha pigo linavyotakiwa kuanguka, kando kidogo, si katikati.

"Polepole," alisema. "Hatuna haraka."

Tulikaa hapo mpaka bati likapoa. Zilizotoka nzima alizitia kwenye bakuli, na nilizozipasua tulizila wenyewe.